Kupanga Elimu Bora ya Mtoto Nyumbani: Mwongozo kwa Mzazi wa Afrika Mashariki

Elimu ya nyumbani, yaani mpango ambao mzazi au mlezi ndiye anayebeba dhamana ya kumfundisha mtoto masomo ya msingi, haianzi kwa kununua vitabu wala kwa kutenga chumba cha darasa. Huanza kwa maswali mawili ambayo wazazi wengi huyaacha hadi mwishoni: mtoto atatokea mlango gani, yaani ni shule au mtihani upi utakaompokea baada ya miaka kadhaa, na ni saa ngapi za mtu mzima aliyetulia ambazo nyumba inaweza kumpa kila siku. Mzazi aliyeyajibu maswali hayo kwa ukweli huweza kupanga mambo machache akayatimiza. Asiyeyajibu hujikuta akiiga shule sebuleni, kwa ratiba ya vipindi vinane na kengele, akaipoteza faida ambayo nyumba inayo na darasa halina, nayo ni mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja.

Faida hiyo ni kubwa. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa mmoja mmoja, huku kila somo likishikwa barabara kabla ya kuingia linalofuata, waliwapita mbali wenzao waliofundishwa katika darasa la kawaida. Tafiti za baadaye zimepata tofauti ndogo kuliko aliyoitaja Bloom, lakini mwelekeo umebaki uleule. Pwani ya Afrika Mashariki imekuwa na utaratibu wa namna hii tangu zamani, kwa kuwa katika chuo, yaani madrasa ya Kurani, kila mwanafunzi huwa na mahali pake alipofikia, huenda mbele ya mwalimu akasoma peke yake, na hasogezwi mpaka asikike akisoma bila kukwama, hata kama wenzake wa rika lake wamekwisha kumtangulia. Mzazi anayetafuta mfano wa kufuata atafaidika zaidi akiutazama utaratibu huo kuliko akiiga darasa lenye watoto wengi wanaofunguliwa ukurasa mmoja kwa wakati mmoja.

Sheria na mlango wa kutokea

Hatua ya kwanza ni kuijua sheria ya nchi anamoishi mtoto. Nchini Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imefanya uandikishaji na mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima. Nchini Kenya, kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Kwa hiyo mzazi wa nchi hizo anayefikiria kumtoa mtoto shuleni moja kwa moja hana budi kwanza kufika katika ofisi ya elimu ya eneo lake na kuuliza kwa maandishi, akaitunza barua ya majibu. Hadi jibu hilo lipatikane, njia iliyo salama ni elimu ya nyumbani inayoambatana na shule: ile inayotangulia umri wa kuandikishwa, inayotumia jioni na likizo, au inayomshika mkono mtoto anapougua na shule zinapofungwa. Uwezekano wa shule kufungwa umekwisha kuonekana. Machi 2020 shule za nchi zote mbili zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na ingawa Tanzania ilizifungua shule za msingi tarehe 29 Juni mwaka huohuo, wanafunzi wengi wa Kenya walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Baadhi ya watoto hao walikuwa na vitabu. Walichokosa ni mtu wa kukaa nao akiwa na mpango. Mengi yanayoelezwa hapa yanamfaa mzazi wa elimu kamili ya nyumbani na yanamfaa vilevile yule ambaye mtoto wake anakwenda shule kila asubuhi.

Familia zinazozungumza Kiswahili ughaibuni hukutana na sheria zinazotofautiana sana. Huko Uingereza, katika sehemu ya England, kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 kinamruhusu mzazi kumwelimisha mtoto shuleni au kwa njia nyingine, mradi elimu hiyo iwe kamili na ilingane na umri, uwezo na mahitaji yake. Nchini Marekani elimu ya nyumbani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila masharti hayafanani: Texas haimdai mzazi taarifa yoyote, ilhali New York humtaka awasilishe mpango wa masomo wa mtoto, ripoti za kila robo mwaka na tathmini ya mwisho wa mwaka. Ujerumani, kwa upande wake, humlazimisha mtoto kuhudhuria shule, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyakataa malalamiko ya wazazi waliotaka kuachiwa wafundishe nyumbani. Mzazi anayehama kutoka nchi moja kwenda nyingine asidhani kwamba ruhusa aliyokuwa nayo atahama nayo.

Sheria ikiisha kueleweka, ndipo hupangwa mlango wa kutokea, na hapa mpango hufaa kutengenezwa kwa kurudi nyuma kuanzia mwisho. Nchini Tanzania, mtu ambaye hakupita katika kidato cha kwanza na cha pili kwa njia ya kawaida anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kwa kifupi QT, na akifaulu akajisajili kwa mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, yaani mtahiniwa asiyetoka katika shule yoyote. Nchini Kenya mambo ni magumu zaidi kwa aliye nje ya shule, kwa sababu katika tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, mtihani wenyewe huchangia alama 60 katika kila 100, tathmini ya Gredi ya 6 huchangia 20, na 20 zinazobaki hutokana na tathmini zilizofanyika shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Mtoto asiyekuwa na shule inayomtambua hukosa sehemu hiyo, na mzazi akiligundua jambo hili katika mwaka wa mwisho atakuwa amechelewa. Baadhi ya familia huchagua mitihani ya kimataifa kama IGCSE ya Cambridge, ambayo mtahiniwa binafsi huweza kujisajili katika kituo kinachokubali, na ambayo katika masomo ya sayansi hutoa karatasi ya maandishi inayopima ujuzi wa maabara kwa asiye na maabara; gharama yake, hata hivyo, ni kubwa kwa kaya nyingi, na inafaa ihesabiwe tangu mtoto akiwa mdogo.

Saa za mtu mzima

Swali la pili ni la muda, na hapa wazazi wengi hujitwika mzigo usio wa lazima. Mtoto wa miaka sita hadi minane anayefundishwa peke yake hahitaji kukaa mezani kwa saa sita. Sehemu kubwa ya saa za shule hutumika kuita majina, kungojea wengine, kusahihisha madaftari na kutuliza darasa. Saa mbili hadi tatu za kazi ya kweli, zikigawanywa katika vipindi vifupi na kufanywa siku tano za juma bila kukatika, zinatosha kwa umri huo. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyeishi kati ya mwaka 1842 na 1923 na kuandika kwa ajili ya wazazi waliofundisha nyumbani, alisisitiza kwamba masomo ya watoto wadogo yawe mafupi, yakome kabla umakini haujaisha, na lifuatie somo la aina nyingine, kwa mfano hesabu baada ya kusoma na kuchora baada ya hesabu. Ushauri huo haujapitwa na wakati.

Kinachovunja mipango mingi ni kukatika kwa siku. Mzazi anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni afadhali apange nusu saa moja ambayo haiguswi na simu wala wageni kuliko kuandika ratiba ya saa mbili atakayoishika juma la kwanza tu. Vilevile si lazima mwalimu awe mzazi peke yake: bibi anayejua hadithi na mashairi ndiye mwalimu bora wa lugha, mjomba fundi wa mbao anaweza kufundisha vipimo, na kaka aliye kidato cha pili anaweza kusikiliza usomaji, mradi mtu mmoja, na mmoja tu, ndiye anayejua mtoto amefika wapi na kuandika.

Kusoma, ambako yote hutegemea

Kama nyumba haiwezi kufanya vizuri ila jambo moja, jambo hilo liwe kusoma. Mtoto anayesoma kwa ufasaha na kuelewa anaweza kufidia udhaifu wa mwalimu wake katika jiografia au historia. Asiyesoma hawezi kufidiwa na kitabu chochote, kizuri namna gani.

Mtoto anayezungumza Kiswahili ana bahati ambayo mzazi hafai kuipoteza, kwa kuwa maandishi ya lugha hii hufuata matamshi kwa ukaribu: irabu ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Kwa sababu hiyo inashauriwa mtoto ajifunze kusoma kwanza katika Kiswahili, hata kama shule atakayokwenda inafundisha kwa Kiingereza, kwani akishaelewa kwamba herufi hubeba sauti na sauti hujenga neno, ujuzi huo huhamia katika lugha ya pili, na yanayobaki ni kujifunza ugeni wa tahajia ya Kiingereza. Shirika la UNESCO lilipendekeza tangu mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa katika lugha yake ya mama. Pendekezo hilo lina maana pia kwa nyumba ambazo lugha ya kwanza ya mtoto ni Kisukuma, Kiluo au Kichaga: huko afunzwe kwanza msamiati wa Kiswahili kwa mazungumzo na hadithi, ili asije akasoma silabi za maneno asiyoyajua, au, vitabu vikipatikana, aanzie katika lugha yake hiyo.

Mpangilio wa kufundisha ufuate ugumu wa sauti badala ya mfuatano wa alfabeti. Baada ya irabu tano, zifuate konsonanti ambazo sauti yake inaweza kuvutwa, kama m, s, l na n, kwa sababu mtoto husikia jinsi zinavyoungana na irabu. Kwa hizo peke yake hupatikana maneno halisi kama mama, sisi, lima, meli, simu na nane. Kisha ziingie t, k, b, p na nyinginezo ambazo hutamkwa kwa kupasuka na haziwezi kuvutwa. Baada ya hapo huja sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, yaani ch, sh, ny, th, dh na gh, halafu miungano kama mb, nd, nj, nz, kw na mw. Sehemu mbili huhitaji subira ya pekee. Moja ni tofauti ya ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, ambayo mtoto hana budi kuisikia mara nyingi kabla ya kuiandika. Nyingine ni m inayojitegemea kama silabi, kwa kuwa mtu hugawanyika m-tu, ilhali mbuzi hugawanyika mbu-zi, na mtoto asiyefundishwa tofauti hiyo hutafuta irabu isiyokuwapo na kusoma "mutu". Sauti za dh na z, th na s, au r na l, ambazo huwatatiza wasemaji wa baadhi ya lugha za bara, zisahihishwe kwa upole katika mazungumzo, wala zisimzuie mtoto kuendelea kusoma.

Hatari kubwa katika hatua hii ni mtoto kukariri ukurasa na kuonekana anasoma. Dawa yake ni rahisi: mzazi aandike kwa mkono sentensi mpya kwa silabi zilezile alizokwisha kufundisha, akazitoe bila picha. Mtoto anayesoma kweli atazisoma polepole. Aliyekariri atamtazama mzazi usoni. Kipimo kikubwa kidogo kinaweza kuigwa kutoka katika tathmini ya Uwezo, ambayo tangu takribani mwaka 2010 imekuwa ikipeleka watu wa kujitolea majumbani nchini Kenya, Tanzania na Uganda kupima kama watoto wanamudu kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili. Ngazi zake ni chache: herufi au silabi, neno, aya fupi, na hadithi yenye maswali ya ufahamu. Mzazi anaweza kuandaa karatasi yake ya namna hiyo, akampima mtoto mwanzoni mwa kila muhula, na kupanga masomo ya muhula huo kwa kufuata ngazi aliyopo mtoto, bila kujali darasa ambalo umri wake ungempeleka.

Pamoja na masomo ya silabi, mtoto asomewe kila siku kitabu kilicho juu ya uwezo wake, kisha aulizwe asimulie alichokisikia kwa maneno yake mwenyewe. Kusimulia huku, ambako Charlotte Mason alikufanya nguzo ya mbinu yake na ambako jamii za hadithi za jioni zilikuwa nako bila kukupa jina, hufanya kazi tatu kwa pamoja: humlazimisha mtoto kusikiliza, humfundisha kupanga mawazo, na humwonyesha mzazi kile ambacho hakikueleweka. Vitabu visiwe kisingizio. Taasisi ya Elimu Tanzania huweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na mradi wa African Storybook hutoa bure hadithi za picha katika Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kiafrika, zenye ruhusa ya kuchapishwa na kugawiwa.

Hesabu, na dunia iliyo nje ya mlango

Katika hesabu kosa la kawaida ni kumkimbiza mtoto kwenye alama kabla hajashika vitu. Thamani ya nafasi, yaani kanuni kwamba tarakimu 3 katika 35 ni makumi matatu na si matatu, ifundishwe kwa vijiti vinavyofungwa kumi kumi kwa uzi, na mafungu hayo yafunguliwe mtoto anapotoa 8 katika 35, ili kukopa kuwe kitendo cha mikono kabla ya kuwa alama juu ya tarakimu. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mazoezi ya hesabu ya kichwa ambayo hakuna daftari linaloyafikia, hasa mzazi akiweka sharti kwamba mchezaji ataje shimo ambamo kete ya mwisho itaangukia kabla ya kuanza kusambaza. Kusoma saa kufundishwe mapema na kwa njia zote mbili, kwa kuwa mtoto atasikia saa moja asubuhi na kuiona 7:00 katika simu, na tofauti hiyo ya saa sita humchanganya asiyeelezwa.

Sayansi ya miaka ya mwanzo haihitaji maabara, ila inahitaji kurekodi. Mtoto wa Dar es Salaam aliyesimamisha kijiti wima uani na kupima kivuli chake kila juma, wakati kinapokuwa kifupi kuliko saa zote za siku, ataona mapema Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba kwamba kivuli hicho karibu kinatoweka, kwa kuwa jua hupita utosini. Wa Nairobi, aliye karibu zaidi na ikweta, ataliona hilo siku chache kabla ya tarehe 21 Machi na siku chache baada ya tarehe 23 Septemba. Wa pwani ana maabara kubwa zaidi: maji hujaa na kupwa karibu mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa dakika 50 hivi, bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huangukia katikati. Akiandika nyakati hizo kwa mwezi mmoja na kuchora umbo la mwezi pembeni, atakuwa amefanya uchunguzi wa kisayansi uliokamilika, wenye vipimo, jedwali na hitimisho, na wavuvi wa mtaani watamsaidia kuusahihisha. Historia nayo ianzie mahali panapofikika, iwe ni Bagamoyo, Gedi, Kilwa au Ngome ya Yesu ya Mombasa iliyoanza kujengwa mwaka 1593, kabla ya kwenda mbali. Kiingereza kianze kwa masikio na mazungumzo, kiandikwe baadaye.

Kumbukumbu na marudio

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha, kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe, kwamba mengi ya yaliyokaririwa husahaulika mapema sana, na kwamba marudio yaliyotenganishwa kwa muda huyashikilia vizuri kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kwa mzazi, hii ina maana kwamba somo la Jumatatu liulizwe Jumanne, lirudiwe juma lijalo, kisha mwezi ujao, na kila mara mtoto aulizwe kabla ya kuonyeshwa kitabu, kwa sababu kujikumbusha ndiko kunakoimarisha.

Kumbukumbu za maandishi ziwe mbili tu. Ya kwanza ni shajara, daftari ambamo kila jioni huandikwa mstari mmoja au miwili: kilichofundishwa, kilichokwama, kitakachorudiwa. Ya pili ni jalada la kazi, ambamo kila mwisho wa mwezi huwekwa ukurasa mmoja wa mwandiko wa mtoto, ukurasa mmoja wa hesabu na orodha ya vitabu alivyosoma, vyote vikiwa na tarehe. Jimbo la Pennsylvania huwadai wazazi jalada la namna hiyo kisheria. Hata pasipodaiwa, linamlinda mtoto siku ofisa au mwalimu mkuu atakapouliza amekuwa akifanya nini. Jalada hilo pia humwonya mzazi mwenyewe. Kurasa za miezi mitatu zikifanana, tatizo lipo, na kabla ya kumlaumu mtoto apimwe macho na masikio, kwa maana mtoto asiyeona ubao au asiyesikia vizuri mara nyingi huitwa mzembe. Nchini Kenya vipo vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa mwaka 1984, na mzazi anaweza kumpeleka mtoto huko bila kungoja shule imwelekeze.

Kuhusu wenzake mtoto wa kucheza nao, swali ambalo jamaa huliuliza kwanza, mtaa wenye watoto hulijibu wenyewe, mradi mzazi asiyajaze mchana masomo ya nyongeza. Penye upweke, kama ilivyo kwa familia nyingi za ughaibuni, mpango uwe na siku maalumu za juma za michezo, madrasa, kwaya au klabu, zilizoandikwa katika ratiba kwa uzito uleule wa hesabu.

Mpango wowote ule uache nafasi ya kurudi shuleni, kwa kuwa kazi hubadilika, mzazi huugua, na mtoto mwenyewe huweza kutaka. Muhula mmoja kabla ya kurudi, mzazi aombe muhtasari wa darasa atakaloingia mtoto, alinganishe na shajara yake, kisha afundishe kwanza yale yaliyorukwa. Amzoeze mtoto kuandika kwa muda uliopimwa, kusubiri zamu na kunyoosha mkono, mambo ambayo nyumba haikuwa na sababu ya kuyafundisha. Na aende shuleni akiwa na cheti cha kuzaliwa, jalada la kazi na barua ya ofisi ya elimu, akaombe mtoto apimwe kusoma na kuhesabu kabla ya kupangiwa darasa.